UZI: Majimbo manane, maji ya pamoja, na swali la nani achote kiasi gani

#1 Kisima_Kirefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kwanza tuelewane: nikisema Maziwa Makuu humu sina maana ya yale ya kwetu Afrika. Nazungumzia yale matano ya Amerika Kaskazini: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Nakaa Waukesha, mji wa jimbo la Wisconsin, mwaka wa tisa sasa, na kilichonifanya nifungue uzi huu ni birika la chai.

Birika langu lilikuwa linaota ukoko mweupe ndani, mgumu kama chokaa ya ukutani. Kila baada ya wiki mbili nalichemsha na siki, nakwangua kwa kijiko, ukoko unarudi. Kwenye chumba cha chini kuna mtambo wa kulainisha maji unaokula chumvi, na kila mwezi nilikuwa nabeba mfuko wa chumvi begani kutoka kwenye gari. Oktoba 2023 ukoko ukaacha kuota. Mji uliachana na visima vyake virefu ukaanza kupokea maji ya Ziwa Michigan kupitia Milwaukee.

Ziwa lipo kama kilomita 27 tu mashariki mwetu. Lakini ili maji hayo yafike kwenye birika langu, ilibidi magavana wa majimbo manane wakubali. Wote wanane. Mmoja angekataa, tungekuwa bado kwenye visima, na visima vyetu vilikuwa na radiamu, ile metali yenye mionzi iliyomo kwenye mwamba, kupita kiwango kinachoruhusiwa na serikali kuu. Kura ilipigwa tarehe 21 Juni 2016. Maji yalifika miaka saba baadaye.

Sheria yenyewe ni mkataba wa majimbo hayo manane kuhusu nani achote maji ya maziwa haya. Nimeisoma na ninaishi ndani yake. Ninachokiona ni kwamba watu wanaisifia kwa jambo moja, la kuwazuia watu wa mbali, wakati kazi yake ngumu ni kwa watu wa ndani, wenye pampu kubwa. Na huko ndiko inakovuja. Karibuni tujadili.

#2 Fatma_B

Kaka, hapo hujanipata. Ziwa kubwa namna hiyo, kilomita 27, mji mmoja mdogo wenye shida ya kweli ya maji. Gavana wa New York anaulizwa nini kuhusu birika la Wisconsin?

#3 Kisima_Kirefu

Dada Fatma, jibu liko kwenye umbo la ardhi. Kati yetu na ziwa kuna mgongo unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa mashariki wa mgongo huo inaelekea Ziwa Michigan. Ikinyesha upande wetu inaingia mto Fox, Fox unaingia Illinois, Illinois unaingia Mississippi, na safari inaishia Ghuba ya Mexico. Mgongo wenyewe hauuoni. Ukiendesha gari kwenda Milwaukee ni kimwinuko kidogo tu, huhitaji hata kubadilisha gia. Kisheria, hata hivyo, ni ukuta.

Ukichota ziwani, ukaoga, ukamwaga maji machafu upande wetu, hayo yamekwenda moja kwa moja. Na maziwa haya yanamiminikiana: Superior inaingia Huron, Michigan na Huron kwa hakika ni ziwa moja kwa usawa wa maji, kisha Erie, kisha maporomoko ya Niagara, kisha Ontario, kisha mto St. Lawrence hadi baharini. Kinachotoka Wisconsin bila kurudi kinapungua New York. Ndiyo maana anaulizwa.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalipendi kulisikia. Maziwa haya yana karibu asilimia 20 ya maji baridi yote ya juu ya ardhi duniani. Ukisikia hivyo unasema, basi chota. Lakini kinachoingizwa upya na mvua na theluji kwa mwaka ni kama asilimia 1 tu. Yaliyobaki ni akiba iliyoachwa na barafu ya zamani. Fikiria mtu aliyerithi ghala la nafaka: ndani mna madebe mia, shamba linazaa debe moja kwa mwaka. Anaonekana tajiri, na ni tajiri, mradi ale debe lile moja.

Kwa hiyo Waukesha tulikubaliwa kwa masharti. Mji uliomba galoni milioni 10.1 kwa siku, ukapewa milioni 8.2, yaani kama lita milioni 31. Eneo la kuhudumiwa likapunguzwa. Na maji yakishatumika yanasafishwa na kurudishwa ziwani kupitia mto Root, karibu kiasi chote kilichochotwa. Nilipanda hadi huko mwezi uliopita. Bomba linamwaga maji safi, hayana harufu, kwenye kijito ambacho mwezi wa Agosti kingekuwa kimekonda. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

#4 Wakili_wa_Zamani

Vijana, nimefurahi kuuona uzi huu. Nimefanya kazi ya sheria Illinois hadi kustaafu, niwape chimbuko lake maana bila hilo mtaona ni ubahili tu.

Mwaka 1998 kampuni moja ya Ontario, Kanada, ilipata kibali cha mkoa kuchota hadi lita milioni 600 kwa mwaka kutoka Ziwa Superior na kuzipakia kwenye meli za mafuta kwenda kuuza Asia. Kiasi hicho kwa Superior ni tone. Kelele zilizopigwa pande zote mbili za mpaka zilikuwa kubwa, na kibali kikafutwa. Lakini wanasheria wa majimbo walipokaa chini kuuliza "tungemzuia kwa sheria gani?", wakajikuta mikono mitupu.

Upande wa Marekani tatizo ni hili. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Sporhase dhidi ya Nebraska. Shamba moja lilikuwa limekaa juu ya mpaka wa Nebraska na Colorado. Kisima kiko Nebraska, maji yanamwagilia hadi upande wa Colorado. Nebraska ikasema maji yetu hayavuki. Mahakama ikasema maji ya ardhini ni bidhaa, na biashara kati ya majimbo iko chini ya Bunge la Marekani. Jimbo haliwezi kufunga mpaka kwa sababu tu linataka kubaki na mali yake.

Sasa mwone ujanja wa kisheria. Jimbo haliwezi kufunga peke yake, lakini majimbo yakifunga mkataba na Bunge la Marekani likauridhia, mkataba unakuwa pia sheria ya nchi nzima. Pingamizi la biashara linaisha. Magavana wa majimbo manane (Minnesota, Wisconsin, Illinois, Indiana, Michigan, Ohio, Pennsylvania na New York) walitia saini Milwaukee tarehe 13 Desemba 2005. Kila bunge la jimbo likapitisha maneno yale yale, Minnesota ikiwa ya kwanza mwaka 2007. Bunge la Marekani likaridhia, Rais George W. Bush akatia saini tarehe 3 Oktoba 2008, ukaanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huo. Ontario na Quebec, kwa kuwa ni Kanada, ziliingia kwa makubaliano ya pembeni yanayofanana.

Na tofauti yake na mkataba wa mto Colorado wa 1922 ni kubwa. Kule waligawana mafungu ya maji kwa hesabu ya miaka iliyokuwa na mvua nyingi. Mvua ilipopungua mafungu yakawa makubwa kuliko mto. Mkataba wa Maziwa Makuu haumpi mtu fungu. Unaweka masharti ya kuchota. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyomo.

#5 Jangwa_Kusini

Shikamoo mzee. Na heshima zote, mimi niko Arizona mwaka wa kumi na mbili na nina maoni tofauti. Watu milioni arobaini wa huku magharibi wanategemea huo mto Colorado unaokauka. Majimbo manane yenye sehemu moja ya tano ya maji baridi ya dunia yamekaa pamoja yakajifungia mlango. Tena walijiachia wenyewe tundu: Chicago. Chicago inachota Ziwa Michigan na kumwaga Mississippi tangu 1900, hairudishi hata kikombe. Mbona hao hawakuulizwa na gavana yeyote?

#6 Wakili_wa_Zamani

Marahaba. Umeshika penyewe kuhusu Chicago. Mji ulikuwa unamwaga uchafu wake mtoni, mto unaingia ziwani, na ziwani ndiko wanakokunywa. Mwaka 1900 wakachimba mfereji wakaugeuza mto ukimbie upande wa pili. Wisconsin na wenzake walishtaki kwa miongo. Mahakama ya Juu mwaka 1967 ikaweka kikomo: futi za ujazo 3,200 kwa sekunde, kama mita za ujazo 90. Mkataba ulipoandikwa, Illinois haikukubali kuguswa kikomo chake, na bila Illinois hakuna mkataba. Ni bei iliyolipwa. Sitajifanya kwamba ilikuwa haki. Mji wa Joliet, huko huko Illinois lakini nje kabisa ya bonde (eneo ambalo mvua yake inaelekea maziwani), unajiandaa kupata maji ya ziwa kutoka Chicago ifikapo 2030 kwa sababu maji ya mwamba wao yanaisha, na hauhitaji kura ya gavana hata mmoja. Waukesha, ulio karibu zaidi, ulihitaji nane.

Lakini Chicago yenyewe inatufundisha kitu. Mchoto ule wote, kwa zaidi ya karne, umeshusha Michigan na Huron kama sentimita 6. Ni kitu kinachopimika. Ukiruhusu Chicago ya pili, ya tatu na ya nne, ndipo unaelewa woga wao.

#7 Kisima_Kirefu

Jangwa, ndugu yangu, nitakujibu kwa moyo mweupe. Bomba la kuvuka milima hadi Arizona ni kupandisha maji mlima kwa maelfu ya kilomita. Umeme wake tu ungemfukuza yeyote anayepiga hesabu. Sidhani hatari ya kweli iliwahi kuwa wewe. Na ndiyo maana nasema sifa ya mkataba imewekwa mahali pasipo pake. Kufunga mlango wa mbele ilikuwa rahisi kisiasa, hakuna mpiga kura wa Ohio anayemwonea huruma mkulima wa Arizona. Kugombana na kiwanda cha Ohio kinachotaka kuchota Ohio, hapo ndipo pana jasho.

Mkataba unasema hivi. Anayechota wastani wa galoni 100,000 kwa siku kwa siku 30, kama lita 380,000, lazima ajiandikishe na atoe ripoti kila mwaka. Sawa. Lakini kujiandikisha si kuzuiwa. Ni nani anayehitaji kibali, anayeangaliwa kama anaharibu, hilo liliachwa kwa kila jimbo. Kila jimbo lilipewa miaka mitano liweke kizingiti chake. Lisipoweka, kizingiti kinakuwa zile galoni 100,000.

Tazameni kilichotokea. Minnesota inataka kibali ukizidi galoni 10,000 kwa siku au milioni moja kwa mwaka. Ohio, mwaka 2011, bunge lilipitisha kizingiti cha galoni milioni 5 kwa siku kutoka Ziwa Erie. Gavana John Kasich, ambaye si mtu wa kuwabana wafanyabiashara, akakikataa. Mwaka 2012 wakarudi na milioni 2.5 kwa Erie, milioni 1 kwa mito na visima, na 100,000 kwa mito iliyo safi sana. Akatia saini. Kutoka 10,000 hadi 2,500,000: mara 250, ndani ya mkataba mmoja.

Na kuna jambo dogo lililojificha zaidi: wastani. Ohio wanapima kwa wastani wa siku 90. Samaki haishi kwa wastani. Ukikausha kijito kwa wiki moja ya Agosti na kuacha pampu mwezi unaofuata, wastani wako ni mzuri na samaki wako wamekufa.

#8 MchangaMtupu

Hapo kwenye wastani umenigusa Mkuu. Nimefanya kazi mashamba ya viazi ya Wisconsin ya kati, wanaita Central Sands, kwa misimu sita. Ardhi ya kule ni mchanga mtupu, ndiyo maana nikachagua jina hili. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana unga. Kila shamba lina kisima na mkono mrefu wa chuma unaotembea kwa magurudumu ukizunguka shamba na kumwaga maji. Kazi yangu ilikuwa kukagua midomo ya kunyunyizia iliyoziba. Unatembea chini ya mkono, umelowa hadi kiunoni, unasikia pampu inanguruma mchana na usiku. Pampu moja inaweza kutoa maelfu ya lita kwa dakika. Na huko ukiangalia pande zote unaona mikono mingine inayozunguka.

Karibu na hapo kuna kijito kinaitwa Little Plover, kilijulikana kwa samaki aina ya trauti. Mwaka 2005 sehemu zake zilikauka kabisa. Mzee niliyefanya naye kazi alikuwepo. Aliniambia walipita na ndoo wakiokota samaki kwenye madimbwi yaliyobaki, na waliowakuta wamekufa walikuwa wengi kuliko walioweza kuwabeba. Hakuna kisima kimoja kilichokausha kijito kile. Ukimuuliza mwenye kisima chochote atakuonyesha hesabu kwamba chake kinashusha maji kwa sentimita isiyoonekana, na anasema kweli.

#9 Bundi

Sasa mkataba wa majimbo manane ulikuwa wapi?

#10 MchangaMtupu

Mkataba ulikuja baadaye, Mkuu, lakini hata ungekuwepo usingekigusa. Little Plover unaingia mto Wisconsin, Wisconsin unaingia Mississippi. Uko upande mwingine wa ule mgongo. Huko kuna sheria ya jimbo tu.

Na sheria ya jimbo imeyumba. Kisima chenye uwezo wa galoni 70 kwa dakika na kuendelea kinahitaji kibali. Swali ni kama idara ya maliasili inaweza kukataa kibali kwa sababu visima vyote kwa pamoja vinaua kijito. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya jimbo ilisema inaweza kuangalia madhara. Mwaka 2016 mwanasheria mkuu wa jimbo akatoa maoni kwamba haina mamlaka hayo, idara ikaanza kugawa vibali. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikarudi: mamlaka inayo. Miaka mitano ya vibali katikati. Na mwaka 2017 bunge lilishapitisha sheria kwamba mwenye kisima cha zamani anaweza kukitengeneza, kukibadilisha au kukiuza pamoja na shamba bila kuangaliwa upya. Kwa hiyo kibali kilichotoka wakati wa giza kinaishi milele.

Sisemi wakulima ni watu wabaya. Niliokula nao chakula wanapenda kijito kile kuliko mwanasiasa yeyote. Wengine walikubali wenyewe kuhamisha visima mbali na kijito na kurudisha mashamba fulani kuwa ardhi oevu. Mara ya mwisho nimepita kilikuwa kinatiririka. Ila hilo lilifanyika kwa hiari yao, na hiari haimfungi mwenye shamba wa kesho.

#11 Fatma_B

Hii ya visima vingi vidogo kuua mto mmoja imeniumiza. Je, hakuna jimbo lililopata njia ya kuhesabu kabla ya kuchimba?

#12 Kisima_Kirefu

Lipo, dada. Michigan. Tangu 2009 wana programu kwenye intaneti. Unaandika mahali unapotaka kuchimba, kina cha kisima, pampu itavuta kiasi gani, na inakisia kijito cha jirani kitapungua kwa kiasi gani na samaki wa pale wataathirikaje. Ukipita, unaandikishwa. Usipopita, wataalamu wa jimbo wanakagua mahali penyewe. Na inaweka kumbukumbu: kila kisima kipya kinapunguza kilichobaki kwa anayefuata. Hilo la mwisho ndilo MchangaMtupu alilokuwa analililia.

Ina kasoro. Ni makisio ya kompyuta, na ardhi ya chini haifanani na ramani. Lakini kipimo chao ni samaki, na mimi naona hiyo ni akili kubwa. Wakati wengine wanauliza "umechota galoni ngapi?", Michigan wanauliza "mto umebaki na nini?"

#13 Bundi

Michigan hiyo hiyo ndiyo iliyowapa Nestlé maji, Mkuu. Mwaka 2018 jimbo liliruhusu kampuni hiyo kuongeza mchoto wa kisima karibu na Evart kutoka galoni 250 hadi 400 kwa dakika, wayatie kwenye chupa. Maoni ya wananchi ya kupinga yalizidi 80,000. Ya kuunga mkono yalikuwa 75. Na ada ya mwaka dola 200. Mwaka huo huo watu wa Flint, jimbo hilo hilo, walikuwa bado hawaamini bomba lao baada ya maji yao kuchafuliwa na madini ya risasi. Utanieleza hiyo programu ya samaki ilisaidia nini?

#14 Wakili_wa_Zamani

Bundi, hasira yako ni halali, na nakueleza tundu lilipo kwa sababu liko ndani ya mkataba wenyewe. Mkataba unakataza kupeleka maji nje ya bonde. Lakini maji yaliyofungwa kwenye chombo kisichozidi galoni 5.7 hayahesabiwi kuwa ni kupeleka nje. Hizo ni lita 21 na kidogo. Kwa lugha ya nyumbani: lori la maji limekatazwa, dumu limeruhusiwa. Ukiwa na madumu milioni moja, bado ni madumu. Kila jimbo limeachiwa liamue lenyewe litawafanyaje wenye chupa.

Kiwango cha galoni 400 kwa dakika ni kama galoni 576,000 kwa siku. Kwa ziwa si kitu. Kwa vijito viwili vinavyoanzia pale pale kwenye chemchemi ni kitu kikubwa. Maofisa wa jimbo walisema sheria haiwaruhusu kukataa kwa sababu watu hawapendi, lazima madhara yaonekane kwa vipimo. Kisheria walikuwa sahihi. Wabunge ndio walioandika sheria isiyouliza maji yanauzwa na nani kwa faida ya nani, na kwao ndiko zile barua 80,000 zilipaswa kwenda.

#15 Jangwa_Kusini

Mzee, basi unakubaliana nami. Mimi wa Arizona nikija na bomba ni mwizi. Kampuni ikija na chupa, ikaziuza dukani hapa Arizona, ni biashara.

#16 Wakili_wa_Zamani

Nakubaliana nawe kabisa kwenye hilo.

#17 Kisima_Kirefu

Na mimi nakubali. Chupa zinaudhi, na zinapaswa kuudhi. Lakini kwa wingi wa maji, kuna kitu kingine kinanikosesha usingizi zaidi, na kiko saa moja kusini mwangu.

Mwaka 2018 mji wa Racine uliruhusiwa kupeleka galoni milioni 7 kwa siku za Ziwa Michigan hadi Mount Pleasant, kwa ajili ya kiwanda cha Foxconn, kampuni ya vifaa vya elektroniki. Kati ya hizo, milioni 2.7 zilitarajiwa kupotea, hasa kwa mvuke, zisirudi. Sasa kumbukeni Waukesha: magavana wanane, miaka ya vikao, kwa ajili ya maji ya kunywa ya watu wenye radiamu kwenye visima. Racine ilihitaji idara ya maliasili ya Wisconsin peke yake. Kwa nini? Kwa sababu Mount Pleasant imekaa juu ya mgongo, sehemu ndani sehemu nje, na mkataba unasema mji wa namna hiyo unaruhusiwa na jimbo lake. Waukesha mzima uko nje, ni kaunti tu inayogusa ndani, kwa hiyo ni lazima wote wanane. Kile kiwanda hakikujengwa kama kilivyoahidiwa. Kibali cha maji kipo, na kwenye ardhi hiyo sasa Microsoft inajenga vituo vya data, yale majengo yaliyojaa kompyuta.

Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Kituo cha data kinapooza mashine zake kwa maji, mara nyingi hakichimbi kisima. Kinanunua maji kutoka mamlaka ya mji, kama mimi na birika langu. Anayejiandikisha kama mchotaji ni mamlaka ya mji. Kwenye daftari la jimbo utaona "Racine imechota kiasi hiki". Nani ndani ya Racine ametumia, na kiasi gani kimepaa hewani, daftari halisemi. Sheria iliandikwa ikimfikiria mtu mwenye pampu mkononi. Mtumiaji mkubwa wa leo hana pampu, ana mkataba wa huduma.

#18 Fatma_B

Na kituo kikiomba maji mengi sana, hakuna mahali wengine wanapoitwa?

#19 Kisima_Kirefu

Matumizi mapya yatakayopoteza galoni milioni 5 au zaidi kwa siku, kwa wastani wa siku 90, yanapelekwa kwa majimbo yote na mikoa miwili ya Kanada yatoe maoni. Maoni tu, si kura. Na angalia namba: milioni 2.7 za Racine hazifiki hapo. Miradi miwili ya namna hiyo, katika miji miwili tofauti, kila mmoja unaangaliwa peke yake. Ni kisa cha visima vya mchangani kile kile, ila safari hii ni cha mabomba.

Mimi ningetaka mambo mawili yaongezwe kwenye sheria za majimbo, na hakuna hata moja linalohitaji kuufungua mkataba. Mamlaka ya mji ilazimishwe kutaja wateja wake wakubwa kwa majina na kwa galoni kwenye ripoti ya mwaka. Na kibali kiwe na mwisho, hata kama ni miaka kumi, kisha kiangaliwe upya mto ulivyo wakati huo.

#20 MchangaMtupu

Hilo la kibali kuwa na mwisho litapigwa vita na wakulima, nakuambia mapema. Benki inakopesha kwa kuangalia kisima. Ukisema kisima kina miaka kumi, mkopo wa mashine una miaka kumi na tano, mtu amekwama. Labda kibali kibaki, ila kiasi kipungue mto ukishuka chini ya alama fulani. Kijito kiwekewe kipimo, alama ikionekana kila mtu anapunguza kwa fungu lake. Hapo mwenye benki anajua kisima kipo.

#21 Kisima_Kirefu

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ni bora kuliko langu. Alama mtoni, si tarehe kwenye karatasi.

#22 Fatma_B

Kaka, swali langu la mwisho. Bili yako ya maji ilipanda?

#23 Kisima_Kirefu

Imepanda, dada, tena sana. Mradi mzima uligharimu zaidi ya dola milioni 200 na tunalipa sisi, nyumba kwa nyumba, bomba la kuleta na bomba la kurudisha. Chumvi sinunui tena, mtambo wa kulainisha nimeuzima. Kuna jambo moja la mji huu sijalisema. Waukesha ulivuma zamani kwa chemchemi zake, watu wakija kwa treni kunywa maji ya dawa. Mwaka 1892 mfanyabiashara mmoja alitaka kuvuta bomba kupeleka maji hayo Chicago kwa maonyesho ya dunia. Mafundi walipofika usiku, wenyeji waliwasubiri na bunduki, wakawarudisha walikotoka. Mji ule ule, baada ya zaidi ya miaka 120, ukapanga foleni mbele ya magavana wanane kuomba maji ya wengine. Nikilipa bili huwa nafikiria wale watu wa 1892, na nailipa kwa wakati.

#24 Wakili_wa_Zamani

Kisima, nimeangalia tena kifungu. Haki ya mtu aliyeumizwa na uamuzi wa jimbo kwenda mahakamani imo ndani ya mkataba, na watu wanaitumia mara chache mno. Nikipata nafasi wiki hii nitaandika namna inavyofanya kazi, hatua kwa hatua, hapa hapa kwenye uzi.